Mama mdogo hataki kupima, mimi nataka kujua

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa Sakina hapa Arusha ila kwetu ni Kibosho. Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili wa kike, mmoja ana 7 mwingine 3. Nimekua naahirisha kuandika toka mwaka jana, leo nimesema acha niandike tu hata kama sijapangilia.

Mama yangu alifariki 2011 akiwa na miaka 44, kansa ya titi. Nilimuuguza mimi, ndo nilikua nimemaliza form six, na mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti nakumbuka kile kidonda. Mama yake, yani bibi yangu, alifariki 1994 tumbo likiwa limevimba limejaa maji, wakasema amelogwa na mke mwenzie, hakuna aliyejua ilikua nini. Sasa miaka miwili iliyopita mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa, akakutwa na kansa ya titi akiwa na miaka 43. Ametolewa titi la kulia, kapigwa dripu za kemo, akaenda hospitali ya kansa ya Ocean Road kupigwa mionzi, saivi anahudhuria kliniki hospitali ya KCMC. Huyu ndo aliyebaki kuwa mama yangu Shangazi, ndo aliyenitoa kwenye harusi yangu.

Mwezi wa tatu nilimsindikiza kliniki, daktari akaanza kuuliza nani kaumwa nini kwenye ukoo, mimi nikawa najibu, akatuambia hii inaweza kuwa kansa ya kurithi, kuna ushauri nasaha na kipimo cha jeni, mkiwa tayari tuongee. Mama mdogo hakujibu kitu. Tulivyopanda gari ya kurudi ndo akanishika mkono akaniambia hiyo habari iishie humu humu kwenye gari. Binti yake anaolewa Desemba, posa imeshapokelewa, upande wa pili wakisikia ukoo wetu una kansa kwenye damu watarudi nyuma. Akasema "mimi nimeshakatwa mara moja, usinikate wewe mara ya pili". Toka siku hiyo nikigusia tu anabadilisha mada au anaingia jikoni.

Mimi silali. Mume wangu anasema natafuta ugonjwa kwa tochi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, yeye kasema hayo ni ya wanawake asihusishwe. Nina hela yangu ya vikoba nimeiweka pembeni kwa ajili ya hicho kipimo. Na kabla ya hapo nilishaenda maabara moja ya mjini wakaniambia wana kipimo cha kansa cha damu, nikalipa elfu sitini, karatasi ikaja imeandikwa CA 15-3 iko kawaida, yule kijana wa mapokezi akasema dada uko poa huna kansa. Nikapumua kwa kweli, hata ile kitu kama punje ya harage ninayoigusa titi la kushoto toka mwezi wa sita nikasema basi itakua ni mambo ya kunyonyesha tu. Ila tena usiku nikisoma habari za yule mcheza sinema Angelina Jolie aliyekata matiti yote mawili roho inaruka.

Naomba unisaidie. Nipime kimya kimya bila mama mdogo kujua? Wanangu niwapime? Au nikae kimya mpaka harusi ipite?

Binti wa Kibosho, Arusha


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Kumuuguza mama ukiwa na miaka 19 sio kitu kidogo, na nimeisoma barua yako mara tatu.

Nitajibu uliyouliza ila naanza na ambalo hukuliuliza, umelipitisha katikati kama vile halina uzito. Hiyo punje ya harage. Mwanangu wiki hii, sio wiki ijayo, nenda Mount Meru au hospitali yoyote yenye ultrasaundi, waambie nina uvimbe kwenye titi toka mwezi wa sita na mama yangu alikufa kwa kansa ya titi. Useme hivyo hivyo mlangoni, hiyo sentensi ya pili inabadilisha foleni. Kwa umri wako mara nyingi wataanza na ultrasaundi, na wakiona kitu hakieleweki watachoma sindano watoe kinyama kikapimwe. Vivimbe vingi kwa wanawake wa umri wako vinaonekana ni vya kawaida kabisa, sikutishi, ila hakuna anayejua cha kwako ni kipi mpaka kipimwe, na mtoto wa miaka 3 kama ulishamwachisha ziwa siku nyingi basi hiyo hadithi ya maziwa tuiweke kando.

Na hiyo karatasi ya elfu sitini imenikera, sikukerwa na wewe, nimekerwa na waliokuuzia. CA 15-3 ni kitu madaktari wanakitumia zaidi kumfuatilia mgonjwa ambae tayari ana kansa waone matibabu yanaendaje. Sio kipimo cha kumwambia mtu mzima huna kansa, maana mtu anaweza kuwa na kansa changa ya titi na hiyo namba ikawa kawaida kabisa, na mwingine hana kansa namba ikapanda kwa sababu nyingine. Alafu hakina uhusiano wowote na jeni wala kurithi. Kwahiyo kwenye akili yako kifute, jihesabu kama hujapima kitu.

Sasa tuje kwenye ukoo.

Watu wengi wakisikia kansa ya kurithi wanafikiri unarithi kansa. Hapana. Unachorithi ni kosa kwenye jeni moja, yani moja ya maelekezo ya mwili tunayopewa na wazazi, ambayo kazi yake ilikua kurekebisha chembechembe za mwili zinapoharibika, sasa fundi hayupo kwahiyo uharibifu unajilimbikiza mapema kuliko kwa watu wengine. Zinazosikika sana ni mbili, BRCA1 na BRCA2. Mama mmoja mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, mwaka 1990 alionyesha kwamba kuna sehemu kwenye kromosomu ya 17, yani moja ya nyuzi zinazobeba jeni, inayotembea na kansa ya titi ndani ya familia, watu wengi kabla ya hapo walikua hawaamini, na mwaka 1994 BRCA1 yenyewe ikapatikana, BRCA2 ikafuata 1995. Mwanamke mwenye kosa kwenye BRCA1, utafiti mkubwa uliotoka 2017 ulikuta wanawake kama 72 katika 100 wanapata kansa ya titi wakifika miaka 80, BRCA2 ni kama 69. Kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke, ni kama 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Linganisha na mwanamke wa kawaida kule Marekani ambako ni kama 13 katika 100 kwa titi. Ni kubwa, siwezi kukuficha, ila pia angalia hapo hapo, sio 100. Wapo wanaoibeba mpaka wanazeeka nayo bila kuumwa.

Nimetaja ovari makusudi, kwa sababu ya bibi yako. Tumbo kuvimba na kujaa maji lina sababu nyingi, ini, TB, mengi tu, siwezi kukaa hapa nikasema bibi yako aliumwa ovari. Lakini ukimwambia daktari "bibi tumbo lilijaa maji, binti yake mmoja titi miaka 44, mwingine titi miaka 43" atakaa vizuri kwenye kiti. Wote wa upande mmoja, wote kabla ya uzee. Huo ndo mpangilio unaowafanya waseme ya kurithi. Maana kansa nyingi za titi sio za kurithi, ni kama 5 mpaka 10 tu katika 100.

Na sio kila kansa inayorudia kwenye familia ni ya damu, hili nalijua kwa uchungu. Sisi kwetu Marangu tumezika watatu kwa kansa ya koo la chakula, dada yangu mmojawapo, na tulisema ni ukoo, ni laana ya babu, watu wakatoa mbuzi. Mpaka daktari alipotuuliza mnakunywaje chai. Tunainywa ikiwa inachemka, ndo tulivyolelewa, asipopiga kelele ya kunywa anaambiwa imepoa. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa kansa lilisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha hiyo kansa, na ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki ina wagonjwa wengi sana wa koo. Watu wa nyumba moja wanarithishana damu lakini wanarithishana na birika, moshi wa jikoni na pombe pia. Ndo maana yule wa ushauri nasaha hakimbilii kuchoma sindano, anaanza na kukuchorea ukoo, vizazi vitatu, wanaume anawachora mraba wanawake duara, kila mmoja aliumwa nini na akiwa na umri gani. Hiyo chati ni nusu ya kazi.

Sasa swali lako la kwanza, upime kimya kimya bila mama mdogo? Mwanangu unaruhusiwa, mwili ni wako na hela ni yako ya vikoba hujaiba. Ila nakuomba usianzie hapo, na sababu sio adabu, ni hicho kipimo chenyewe kinavyofanya kazi.

Maabara inasoma jeni kama mtu anasoma kitabu herufi kwa herufi akitafuta kosa. Wakianza na mtu aliyeumwa, yani mama mdogo, wakikuta kosa ukurasa fulani mstari fulani, kwako wewe wanafungua ule ukurasa tu. Kosa lipo au halipo. Kama halipo, umeachwa, unarudi kuwa na hatari kama mwanamke yeyote wa Arusha na mabinti zako hawawezi kulipata kupitia kwako. Lakini ukianza wewe ambae hujaumwa, wakasoma kitabu chote wasikute kitu, hilo jibu halikuambii chochote cha maana, maana hujui ni kwa sababu hukurithi au ni kwa sababu kosa la ukoo wenu liko kwenye jeni ambayo hawakuisoma. Utakua umemaliza hela na bado hulali. Na kuna jibu la tatu ambalo watu hawaambiwi kabla, wanakuta badiliko lakini hawajui kama ni baya au ni tofauti tu ya kawaida, na sisi Waafrika tunalipata hilo jibu mara nyingi zaidi kwa sababu kumbukumbu za maabara zimejaa jeni za Wazungu, zetu ni chache. Jibu kama hilo mtu asikatwe kitu chochote kwa sababu yake, linasubiriwa mpaka lieleweke.

Kwa hiyo mama mdogo ndo mlango. Yuko hai, anakuja kliniki, bado damu yake inaweza kusema kitu ambacho mama yako na bibi waliondoka nacho. Lakini mlango ni wake yeye, huwezi kuuvunja.

Nadhani ulipokosea, na mimi ningekosea vile vile, ni kwamba kila ulipomgusia alisikia unaomba kwa ajili yako. Amekatwa titi, nywele zimeanza kuota juzi, anamuoza binti yake wa pekee, alafu anaambiwa na damu yake nayo ni mbaya. Sasa geuza. Hicho kipimo kina faida kwake yeye kwanza. Ana titi la kushoto limebaki. Kwa wenye BRCA1 waliokwisha kuumwa titi moja, ule utafiti niliousema ulikuta kama 40 katika 100 wanaumwa na la pili ndani ya miaka 20. Ana ovari pia, na kwa ovari hakuna kipimo cha kuaminika cha kuikamata mapema, ndo maana wenye BRCA1 wanashauriwa kutolewa ovari na mirija wakiwa kati ya miaka 35 na 40 wakishamaliza kuzaa, yeye ana 45. Kuna mpaka dawa, zile za kundi la PARP, ambazo kwenye kansa ya titi wanapewa wenye makosa haya tu. Ni ghali, sitakudanganya, ila jibu la kipimo linabadilisha matibabu yake, sio ya kwako tu. Hilo nina wasiwasi hakuna aliyemwambia, au aliambiwa siku masikio yameziba.

Usiliongelee ndani ya gari wala jikoni wageni wakiwa sebuleni. Panda Kibosho Jumamosi moja, mkae kihambani chini ya migomba, msaidie kumenya ndizi za mtori, alafu umwambie kitu kama hiki: "Mama, sikuja kukuomba kitu. Mimi nina uvimbe, nimeenda kupimwa, na niliogopa nikakutafuta wewe. Siku ile daktari alivyosema, nilifikiria watoto wangu, sikufikiria titi lako lililobaki, nisamehe. Nataka nikusindikize tukamsikilize tu, kusikiliza sio kupima." Ni kweli hiyo ya mwisho, ushauri nasaha unaruhusiwa kuingia na kutoka bila kutoa hata tone, na ukishatoa sampuli bado unaweza kusema majibu sitaki.

Na kuhusu posa. Mwambie majibu yanakaa kwenye faili lake, daktari hawezi kuyapeleka kwa wakwe. Harusi iende kama ilivyopangwa, ndafu ziliwe, hakuna kipimo kinachotangazwa kanisani. Sisemi uharibu Desemba ya dada yako, huyo ana nafasi yake ya kujua baadae, kwa mdomo wa mama yake, akiwa ametulia. Lakini usisubiri harusi ndo uanze kuongea na mama mdogo, miezi kwa mtu anayehudhuria kliniki ya kansa sio ya kuchezea.

Akikataa kabisa? Umpende vile vile. Rudi kwa daktari wa KCMC peke yako ueleze, chati ya ukoo utakua nayo wewe, na hapo kujipima mwenyewe kunakua chaguo la pili ukijua mapungufu yake. Uliza pia kama kile kinyama cha operesheni yake bado kimehifadhiwa maabara, wakati mwingine kinaweza kupimwa ila kwa idhini yake, na kazi yake ni ngumu kuliko damu. Kwenye gharama, mpaka 2013 kule Marekani kampuni moja ilikua inamiliki hizo jeni kisheria na kipimo kilikua zaidi ya dola 3,000, Mahakama yao Kuu mwezi wa sita mwaka huo ikasema jeni ya mwili wa binadamu haimilikiwi na mtu, maabara zingine zikaingia, bei ikashuka sana, na baadhi mmoja akishakutwa na kosa ndugu zake wa damu wanapimwa bure ndani ya muda fulani. Uliza hilo kabla hujatoa hela ya vikoba.

Mabinti zako usiwapime. Haya ni magonjwa ya ukubwani, hakuna cha kumfanyia mtoto wa miaka 7, na uamuzi wa kujua au kutokujua ni wao wakifika miaka 18. Wewe ndo wa kuangaliwa kwa sasa, na hata bila jeni yoyote, kwa historia hii tu una haki ya titi lako kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6 mpaka 12 na kupigwa picha kila mwaka. Angelina Jolie alikata mwaka 2013 baada ya kukutwa na BRCA1, na mama yake alikua ameshafariki kwa kansa akiwa na miaka 56. Ni uamuzi wake baada ya jibu. Wewe hujafika huko, na wengi wenye jibu kama lake wanachagua kufuatiliwa kwa picha na sio kukata.

Mdogo wako wa kiume nimemuacha makusudi nimseme peke yake. Kwetu Uchagani kihamba cha baba kinabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, dada zake wanaondoka. Hii haiendi hivyo. Hii kila mtoto anarushiwa shilingi yake, kichwa au mwenge, wa kike wa kiume sawa. Kama mama yenu alikua nayo, yeye ana nusu kwa nusu kama wewe, na akiwa nayo anaweza kumpa binti yake bila yeye kuumwa hata siku moja. Na anaweza kuumwa, BRCA2 inapandisha kansa ya tezi dume na mwanaume mwenye nayo anaweza kupata hata ya titi. Mpe hii barua asome. Na mjomba wenu yeyote aliye hai, huyo nae ni mtoto wa bibi.

Mume wako usigombane nae. Mtu akiogopa kukupoteza anaongea hivyo hivyo, wengi wao ndo walivyo. Mchukue mwende nae kwenye ultrasaundi, akae kwenye benchi na wewe, akiona wanawake wenzako wa umri wako pale hatasema tena habari ya tochi.

Anza na daftari leo usiku, ukurasa wa kwanza bibi, andika mwaka, umri, tumbo, na nani alikuepo akimuuguza ili ukamuulize akiwa bado anakumbuka. Lakini majibu ya hiyo punje niandikie kwanza, kabla hata hujaniambia mama mdogo amesema nini.

Shangazi